Kabla Hujamwambia "Kaa Chini": Dalili za Mwanzo za Kisukari

Leo sina hoja ya bumu wala ya hosteli. Nina jambo lililonikuta Muleba nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ile TP ambayo kila mwanafunzi wa elimu anaijua kwa jina na kwa njaa zake.

Kipindi cha tano, Kidato cha Pili. Kijana wa miaka kumi na minne ananyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba nikajisaidie."

"Si umetoka kipindi kilichopita?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kaa chini."

Wiki nzima alikuwa hivyo. Kila kipindi anatoka, na akirudi anapitia kwenye ndoo ya maji. Mimi nikajiaminisha kwamba ni mtoro, anakwenda zake migombani kupiga soga. Mwalimu mgeni ukilegea siku ya kwanza, darasa limekushinda, ndivyo tulivyofundishwa. Siku ile akakaa kama nilivyomwamuru, na dakika kama kumi baadaye akajikojolea pale pale kwenye dawati. Darasa zima likacheka. Hata mimi, nisiwe mnafiki, nilikasirika kwanza, huruma ikaja baadaye.

Jumatatu hakuja. Nyumbani alikuwa anatapika na kulalamika tumbo. Wakaenda duka la dawa wakapewa mseto bila kipimo chochote, maana kwetu mtoto akitapika jibu linajulikana. Usiku alianza kupumua kwa nguvu kama aliyekimbia mlima, na mdomo wake ukatoa harufu tamu, kama ya ndizi zilizofukiwa shimoni ziive kwa ajili ya rubisi. Bibi yake akasema, "Huyu mtoto kanywa." Wakamlaza akalale pombe imtoke. Asubuhi hawakuweza kumwamsha.

Hospitali walipomtoboa kidole, mashine haikuonyesha namba. Iliandika tu kwamba sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Kijana yule hakuwa mtoro wala mlevi, na malaria hakuwa nayo. Alikuwa na kisukari cha aina ya kwanza.

Na hapa ndipo aibu yangu ilipo: somo langu la pili ni Baiolojia. Kongosho naijua kuichora ubaoni nikiwa nimefumba macho. Lakini ile kongosho ya kwenye mchoro na mtoto anayeomba ruhusa mara tano kwa siku, sikuwahi kuviunganisha. Nadhani tatizo ni namna tulivyojifunza: kiu, mkojo, kukonda, njaa, uchovu, tunakariri kama orodha ya mikoa, mtihani ukipita zinaondoka. Ngoja nizieleze kama nilivyoeleweshwa na daktari aliyempokea, ambaye aliniona nimesimama mlangoni nimenywea akanihurumia.

Chakula chetu kikubwa, iwe ndizi, ugali au muhogo, tumboni kinageuka sukari. Sukari inaingia kwenye damu, na insulini inayotoka kwenye kongosho ndiyo inayoifungulia mlango iingie kwenye seli. Insulini isipokuwepo, au ikiwepo lakini seli haziisikii, sukari inabaki inazunguka kwenye damu. Figo zinajitahidi kuirudisha, lakini ikipita takribani 10 kwa vipimo vya mmol/L zinazidiwa, inaanza kumwagika kwenye mkojo. Sukari haitoki peke yake, inavuta maji. Kwa hiyo mtu anakojoa sana, usiku na mchana. Maji yakipotea, kiu inakuja. Na seli zinakaa na njaa katikati ya sukari nyingi, hivyo mwili unaanza kula mafuta na misuli yake wenyewe: mtu anakula vizuri lakini anakonda, na anachoka kama amebeba mikungu tangu alfajiri. Mafuta hayo yakichomwa kupita kiasi bila insulini, yanatoa tindikali zinazoitwa ketoni. Ile harufu tamu, kutapika, tumbo kuuma na kupumua kwa nguvu ni sumu hiyo ikijaa.

Yaani ni mnyororo mmoja. Ukishaiona pete ya kwanza, uliza ya pili. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani ameanza tena? Uliza kiu. Ana kiu? Tazama kola ya shati kama imempwaya. Kwa mtoto au kijana mnyororo huu unakwenda kwa wiki chache, wakati mwingine siku chache, na ukifika kwenye harufu na kutapika si suala la kusubiri kesho. Ni kumpeleka hospitali saa hiyo hiyo, na ukifika useme kwa sauti: "Naomba apimwe sukari."

Kwa watu wazima kisukari ni mjanja zaidi. Aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi, inaweza kukaa miaka mtu asijue. Hapa nikupeleke Bukoba mjini, kwa mjomba wangu, dereva wa Hiace za kwenda Muleba. Abiria walianza kumlalamikia kwamba anasimamisha gari kila kilomita chache na kuingia migombani. Kiu ilipomzidi alikuwa anakunywa soda baridi, mbili, tatu kwa safari. Unaona mchezo huo? Sukari inaleta kiu, kiu inaleta soda, soda inaongeza sukari. Shangazi, mke wake, aliwahi kuona sisimizi wamejaa mahali alipokojoa nyuma ya nyumba. Akamwagia majivu, basi. Wazee wa zamani wangeshtuka, maana sisimizi kwenye mkojo ni dalili iliyojulikana kabla mashine yoyote haijatengenezwa. Siyo kwamba wasipokuja uko salama, hapana. Ila wakija, usimwage majivu tu.

Kisha akaanza kukonda. Na Kagera, jamani, kukonda kuna historia yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa nchini walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983, kabla sisi hatujazaliwa. Wazazi wetu waliuita "Juliana", wakazika ndugu na majirani. Tangu hapo, mtu akikonda hapa kwetu watu hawaulizi, wananong'ona. Mjomba alipima VVU, hana. Akapima tena mahali pengine, hana. Minong'ono haikuisha, wengine wakahamia kwenye uchawi, eti kuna dereva mwenzake anamwonea wivu. Muda wote huo hakuna aliyesema apimwe sukari, si nyumbani wala alikopimiwa. Kilichomfikisha ni kidonda cha kandambili kwenye mguu ambacho yeye mwenyewe hakukisikia, kwa sababu miguu ilishakufa ganzi. Alipoteza vidole viwili. Siku hizi anaendesha, ila soda amezisusa.

Simlaumu mtu aliyefikiria VVU kwanza. Kupima VVU ni jambo jema na lisiachwe. Ninachosema ni kwamba majibu yakirudi hayana kitu, safari haijaisha. Mtu anayekonda bila sababu apimwe na sukari, na akiwa anakohoa apimwe na kifua kikuu pia, maana kisukari kinaongeza uwezekano wa kuugua TB mara mbili hadi tatu. Magonjwa haya yanaweza kukaa nyumba moja.

Kwa mtu mzima, mbali na kiu na mkojo, angalia haya: macho kuona ukungu unaokuja na kuondoka, vidonda au majipu yasiyopona, ganzi au michomo ya sindano kwenye nyayo, fangasi sehemu za siri wanaorudi kila wakitibiwa. Hili la mwisho watu wanaona aibu kulisema, lakini ukifungua mdomo zahanati unaweza kuokoa figo zako. Na kama una kitambi, presha, mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari, au wewe mama uliwahi kujifungua mtoto wa zaidi ya kilo 4, usingoje dalili kabisa. Nenda ukapime.

Kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni. Ukipima asubuhi hujala kitu, chini ya 6.1 ni kawaida. Ukifika 7.0 au zaidi, hicho ni kiwango cha kisukari, na kama huna dalili watarudia siku nyingine kuhakikisha. Katikati ya hapo ni onyo. Ukipima saa yoyote ukakuta 11.1 au zaidi, na dalili unazo, hakuna haja ya mjadala. Mashine nyingine zinasoma mg/dL, ambapo 7.0 ni 126 na 11.1 ni 200. Usitishike na ukubwa wa namba, na usifarijike na udogo wake, kabla hujauliza ni kipimo gani.

Najua kuna mtu atasema huu ni ugonjwa wa matajiri. Mwaka 1989, utafiti wa Dk. McLarty na wenzake katika vijiji sita vya Tanzania ulikuta chini ya mtu 1 kati ya 100 ana kisukari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu 9 kati ya 100. Tafiti hizi hazilingani moja kwa moja, ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini tu, lakini hata ukipunguza kwa ukarimu, hayo si ya matajiri peke yao. Na kijana wangu wa Kidato cha Pili nyumbani kwao hawana hata kibaiskeli.

Aliponusurika nilikwenda kumwona nikiwa na daftari la Baiolojia, sijui nilitaka kulifanyia nini. Nikamwambia kwamba mtu wa kwanza kuchomwa insulini, Leonard Thompson wa Toronto, Januari 1922, naye alikuwa na miaka kumi na minne. Akauliza, "Alipona, mwalimu?" Nikamwambia ukweli: hakupona kisukari, lakini aliendelea kuishi.

Wiki tatu baadaye alirudi darasani. Tulikubaliana na mwalimu wa darasa akae dawati la karibu na mlango, atoke bila kuomba ruhusa, na chupa ya maji iwe mezani. Kwenye droo ya meza ya mwalimu tuliweka pakiti ndogo ya sukari, kwa sababu anayechoma insulini sukari inaweza kushuka ghafla: akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuongea ovyo, na bado anaweza kumeza, anywe maji yenye sukari mara moja. Nilipomaliza TP nilimkabidhi ile droo mwalimu aliyenipokea kipindi, nikamwonyesha pakiti ilipo. Akaniuliza kama ni ya chai.