Kisukuma Mawimbi cha Tembo: Vidokezo vya Kubana Bayti

Tembo wakitoka Hifadhi ya Serengeti usiku na kuvamia mahindi ya wilaya za Serengeti na Tarime, wanakijiji hulala macho. Baadhi ya tembo wa ikolojia hiyo wamefungwa na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) visukuma mawimbi shingoni ili wajulikane walipo. Kifaa kama hicho kina kumbukumbu finyu, na betri yake huwezi kuibadilisha bila kumpiga mnyama sindano ya usingizi. Kijana wa Mugumu au Sirari unayejifunza lugha ya programu ya C, haya yanakuhusu.

1. Pima, usikisie. Panga rekodi (`struct`) hivi: hali (bayti 1), latitudo (8), betri (1), longitudo (8), muda (4). Jumla ni 22. Iulize `sizeof` kwenye laptopu ya biti 64, itakujibu 40. Kompaila imeacha bayti 7 tupu baada ya hali, 7 baada ya betri na 4 mwishoni.

2. Jua sababu. Prosesa huchota kumbukumbu kwa mafungu, mathalani ya bayti 4 au 8. Mafungu yakiwa ya bayti 8, namba ya bayti 8 ikianzia anwani 1 imekalia mafungu mawili. Itabidi ichotwe mara mbili kisha iungwe. Prosesa za Intel huvumilia. Cortex-M0, iliyojaa kwenye vifaa vidogo, haivumilii: programu inakwama papo hapo. Ndiyo maana kompaila huianzisha kila namba kwenye anwani inayogawanyika kwa ukubwa wake. Zile 4 za mwisho ni kwa ajili ya rekodi inayofuata kwenye safu, nayo ianze mahali pake.

3. Vikubwa kwanza. C hairuhusu kompaila kubadili mpangilio wako, kwa hiyo kazi ni yako. Fanya kama wapakiaji wa fuso: magunia kwanza, vifurushi baadaye. Rekodi ileile inashuka hadi bayti 24. Kwa rekodi 100,000, bayti 4,000,000 zinakuwa 2,400,000, bila kufuta taarifa hata moja.

4. Hoji ukubwa wenyewe. Hapa ndipo penye faida nono. Zidisha nyuzi kwa 10,000,000 uhifadhi namba kamili ya bayti 4: longitudo 34.6 inakuwa 346000000. Hatua yake ni kama sentimita 1, wakati GPS yenyewe hukosea kwa mita. Sasa rekodi ni bayti 16.

5. Usirushe rekodi nzima hewani. Arduino Uno ya biti 8 haiachi nafasi tupu, laptopu inaacha. Zisipoelewana, askari wa wanyamapori watakimbilia kijiji kisicho na tembo. Tuma kipengele kimoja kimoja, kwa mpangilio wa bayti mliokubaliana.

6. `packed` kwa hadhari. Inaondoa nafasi tupu, lakini ukichukua pointa ya kipengele cha ndani, tatizo la kidokezo cha 2 linarudi.

7. Usilinganishe rekodi kwa `memcmp`. Nafasi tupu zinaweza kuwa na takataka, na rekodi mbili zilizo sawa zikaonekana tofauti. Linganisha vipengele.