Usilipunje Shamba: Kuzidisha Mabano kwa Yenyewe

Ukiwauliza wakulima wa Ismani au Uyole eka ina ukubwa gani, utajibiwa: sabini kwa sabini. Hatua, maana yake. Hapo ndipo ninapoanzia na mwanafunzi wa kidato cha pili anayeandika kwamba (a + b + c)² ni a² + b² + c². Daftarini kosa hilo linaonekana dogo. Shambani linatia hasira.

Chora eka hiyo ya mraba. Gawa ubavu wa juu vipande vitatu: hatua 40, 20 na 10. Gawa ubavu wa kushoto kwa mpangilio uleule, kisha vuta mistari. Umepata majaruba tisa, kama ya mpunga wa Usangu. Matatu ya mshazari, kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, ni miraba: 1,600, 400 na 100. Jumla yake 2,100. Lakini shamba zima ni 4,900! Aliyeishia hapo ameacha 2,800, zaidi ya nusu ya eka. Hata mnunuzi wa viazi vya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, hampunji mkulima kiasi hicho.

Zile 2,800 zimo katika majaruba sita yaliyobaki, na kila moja lina pacha wake ng'ambo ya mshazari: 40 × 20 mara mbili, 40 × 10 mara mbili, 20 × 10 mara mbili. Kwa herufi:

(a + b + c)² = a² + b² + c² + 2ab + 2ac + 2bc

Mwanahisabati Mgiriki Euclid alichora mraba wa namna hii, wa vipande viwili, katika kitabu chake cha pili, yapata miaka 2,300 iliyopita. Vipande vikiwa vinne, majaruba ni 16: miraba minne na jozi sita, kila jozi mara mbili. Ili usiruke jozi, shika kipande cha kwanza ukizidishe na vyote vilivyo kuliani kwake, kisha cha pili na vya kuliani kwake, usirudi nyuma.

Panapowaangusha wengi ni kwenye alama ya kutoa. Alama ni mali ya kipande, ihame nacho. Katika (2x − 3y + 5)², vipande ni 2x, −3y na 5. Miraba yote ni chanya: 4x², 9y², 25. Jozi ndizo zinazobeba hasi: −12xy, +20x, −30y. Usiandike −9y²; nimeisahihisha mara nyingi mno.

Ukimaliza, jipime kabla ya mwalimu. Weka x = 1 na y = 1. Ndani ya mabano unapata 4, mraba wake 16. Upande wa jibu: 4 + 9 + 25 − 12 + 20 − 30. Ni 16. Zisipolingana, kwanza hesabu jozi zako.

Na kuhusu ile sabini: ekari ni yadi za mraba 4,840, na hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia yadi, kwa hiyo wazee hawakukosea sana. Ukihesabu sabini hiyo kwa mita ndipo eka inapovimba, maana ekari ni mita za mraba kama 4,047 tu. Ubavu wake ni karibu mita 63.6. Utafute mraba wake bila kikokotoo: 60 + 3.6, yaani 3,600 + 432 + 12.96. Hiyo 432 ndiyo jozi.