Rudi Kwenu, Rudi Nyumbani: Msamiati wa Habari Kuu za Kenya Mwaka 2008

Ikisiri

Makala haya yanachunguza baadhi ya maneno ya Kiswahili yaliyobeba habari kuu za Kenya katika mwaka wa 2008. Yanadai kwamba maneno hayo hayakuwa kioo tu cha matukio. Uteuzi wa neno, kauli ya kitenzi na hata ngeli ya nomino viliamua nani aonekane mtendaji, nani aonekane mtendwa, na nani asionekane kabisa. Mwanafunzi wa Kiswahili, kwa hivyo, ana wajibu wa kuisoma habari kwa jicho la sarufi.

1.0 Utangulizi

Ni desturi ya vyombo vya habari kuufunga mwaka kwa kuorodhesha matukio yake makuu. Orodha hizo husaidia kumbukumbu, lakini aghalabu haziulizi swali moja muhimu: matukio hayo yaliitwaje, na kwa nini yaliitwa hivyo? Wanaisimu wanakubaliana kwamba kukipa kitu jina ni kukitazama kutoka pembe fulani. Anayesema "mapigano" na anayesema "mauaji" huenda wanazungumzia usiku mmoja na mtaa mmoja, ila hawasimulii kisa kimoja.

Mwaka wa 2008 unafaa sana kwa uchunguzi wa aina hii. Hati kuu za mwaka huo, yaani makubaliano ya amani na ripoti za tume, ziliandikwa kwa Kiingereza. Wananchi wengi walizipokea kupitia Kiswahili cha redio, magazeti na mikutano ya hadhara. Mwandishi wa habari na mwanasiasa ndio waliokuwa wakalimani wa taifa, na maneno waliyoyachagua yalikuwa na uzito wa uhai na mauti.

2.0 Mwaka kwa Muhtasari

Mwaka wa 2008 ulianza kabla ya tarehe yake. Uchaguzi mkuu ulifanywa tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, alimtangaza Mwai Kibaki mshindi dhidi ya Raila Odinga, na Kibaki akaapishwa jioni iyo hiyo katika Ikulu. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Mwishoni mwa mwezi huo umwagaji damu ulizuka Nakuru na Naivasha. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na watu wapatao 350,000 walipoteza makazi.

Kofi Annan, akisaidiwa na Graça Machel na Benjamin Mkapa, aliongoza mazungumzo yaliyozaa makubaliano ya tarehe 28 Februari. Mwezi wa Aprili baraza la mawaziri 40 lilitangazwa na Odinga akaapishwa kuwa Waziri Mkuu. Mnamo Septemba tume ya Jaji Johann Kriegler iliwasilisha ripoti kuhusu uchaguzi, na Oktoba tume ya Waki ikatoa yake pamoja na bahasha ya siri yenye majina ya washukiwa, ambayo ilikabidhiwa Annan. Desemba Bunge liliivunja Tume ya Uchaguzi.

Mwaka huo ulikuwa na furaha zake pia. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 kila moja na kuanza kununuliwa sokoni mwezi Juni. Katika Olimpiki za Beijing, Pamela Jelimo aliweka historia kwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya Olimpiki, naye Samuel Wanjiru akawa Mkenya wa kwanza kushinda mbio za marathoni katika mashindano hayo. Tarehe 6 Novemba ilitangazwa sikukuu baada ya Barack Obama kuchaguliwa rais wa Marekani. Hata hivyo, makala haya yatashughulikia yale maneno yaliyozaliwa, au yaliyobadilishwa, na miezi ya kwanza ya mwaka huo.

3.0 "Mapigano", "Ghasia" na Mtendaji Aliyefichwa

Tuanze na nomino mbili zilizotumika sana. Neno "mapigano" linatokana na kitenzi piga, likapitia kauli ya kutendana, pigana. Kiambishi -an- kinadai kuwepo kwa pande mbili, kila mmoja akimtenda mwenzake. Palipokuwa na makundi mawili yenye silaha, jina hilo lilistahili. Lakini mama aliyejificha kanisani na mwanawe hakuwa akipigana na yeyote. Kuliingiza tukio la Kiambaa katika "mapigano ya kikabila" ni kumpa mtendwa nusu ya lawama kwa kiambishi kimoja tu.

Hatimaye lililoshika ni "ghasia za baada ya uchaguzi". Jina hili lina staha zaidi, kwa kuwa halilitaji kabila lolote. Lakini tulichunguze. "Baada ya" ni kielezi cha wakati, hakielezi chanzo. Linamwambia msikilizaji lini, lisimwambie kwa nini wala nani. Tume ya Waki ilibainisha kwamba baadhi ya machafuko yalizuka ghafla ilhali mengine yalipangwa. Ilibainisha pia kwamba watu 405 walikufa kwa risasi, vifo vingi vya aina hiyo vikihusishwa na polisi. "Ghasia" limeyafunika yote hayo kwa blanketi moja.

Kauli za kitenzi nazo zilifanya kazi iyo hiyo. Tazama mifano hii niliyoitunga kwa ajili ya ufafanuzi:

(a) Kanisa liliungua.
(b) Kanisa lilichomwa.
(c) Kanisa lilichomwa na kundi la vijana.
(d) Kundi la vijana lililichoma kanisa.

Katika (a) moto hauna mwashaji. Kanisa limeungua kama msitu wakati wa kiangazi. Katika (b) kauli ya kutendwa inakiri kwamba mtendaji yupo lakini inamwacha gizani. Katika (c) anatajwa mwishoni, na katika (d) anasimama mbele kama kiima. Sentensi zote nne ni sahihi kisarufi, na zote huenda zikawa kweli. Tofauti yake ni ya uwajibikaji. Kwa haki, ni lazima tuseme kwamba mara nyingine mwanahabari huiteua (b) kwa hekima: hana ushahidi wa nani aliyetenda, au anachelea kuchochea kisasi. Tatizo huja pale (b) inapogeuka mazoea hata baada ya ushahidi kupatikana.

4.0 "Madoadoa": Mtu Anapohamishwa Ngeli

Neno "madoadoa" lilikuwa likisikika katika siasa za Bonde la Ufa tangu miaka ya 1990, wakati wa machafuko ya 1992 na 1997. Lilitumiwa kuwataja watu wa jamii zilizodaiwa kuwa za kuja. Kwa asili halina ubaya wowote: chui ana madoadoa, na kanga ana madoadoa. Ubaya wake unatokana na mambo matatu ya kiisimu.

Kwanza, uradidi. Doa likirudiwa huleta dhana ya kutapakaa, ya vitu vidogo vidogo visivyo na idadi. Mtu mmoja mwenye jina, shamba na jirani hupotea ndani yake.

Pili, ngeli. Binadamu huchukua upatanisho wa A-WA: watu hawa wanaishi hapa. Akiitwa doa, huhamia LI-YA: madoadoa haya yapo hapa. Kiswahili kina ukarimu wa kuwarejesha viumbe hai wengi katika A-WA hata pale umbo la nomino ni la ngeli nyingine. Ndiyo maana twasema kijana amefika, na si kijana kimefika. "Madoadoa" linakwenda kinyume cha ukarimu huo. Linamtoa mtu katika ngeli ya watu.

Tatu, kitenzi kinachoandamana nalo. Doa haliulizwi maoni. Doa huondolewa, hufutwa, husafishwa. Msemaji hahitaji kutamka neno "fukuza" wala "ua". Msikilizaji ataikamilisha sentensi mwenyewe, na ikiwa kesi itafika mahakamani, msemaji ataweza kudai kwamba alizungumzia usafi. "Kwekwe" hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo, ila uwanja wake wa maana ni shamba: kwekwe hung'olewa.

5.0 "Rudi Kwenu" na "Rudi Nyumbani"

Walioshambuliwa waliambiwa warudi kwao. Miezi michache baadaye, Mei 2008, serikali ilianzisha mpango wa kuwarejesha waliohama na kuupa jina Operesheni Rudi Nyumbani. Kitenzi ni kilekile, hali ya kuamuru ni ileile, na huenda kiliwafikia watu walewale. Kilichotofautiana ni mahali. Katika amri ya kwanza, "kwenu" ni wilaya ambako babu alizaliwa, mahali ambapo pengine msikilizaji hajapata kulala hata usiku mmoja. Katika amri ya pili, "nyumbani" ni palepale alipofukuzwa.

Mgogoro mzima wa ardhi na uraia katika Bonde la Ufa umo ndani ya tofauti hii ya vielezi viwili. Je, kwao mtu ni alikotoka mzee wake, au ni alikojenga? Swali hilo lina mizizi katika ukoloni, ardhi ilipotwaliwa na walowezi, na katika ugavi wake baada ya uhuru. Jina la operesheni lilitoa jibu sahihi kikatiba, lakini jibu hilo lilitolewa kwa amri ya maneno mawili. Kwa mtu ambaye nyumba yake ilikuwa majivu na jirani yake angali na hasira, "nyumbani" lilikuwa neno lisilo na kirejelewa. Wengi walibaki kwenye mahema kwa miaka.

Na waliokuwa mahemani waliitwaje? "Wakimbizi wa ndani kwa ndani." Kwa mujibu wa sheria ya kimataifa, mkimbizi ni aliyevuka mpaka wa nchi yake. Wakenya walioingia Uganda mwanzoni mwa 2008 walistahili jina hilo. Waliokuwa katika viwanja vya maonyesho ya kilimo vya Nakuru na Eldoret walikuwa wananchi katika nchi yao, wenye haki zote za raia. Kirai "wa ndani kwa ndani" kilijaribu kusahihisha, lakini katika mazungumzo ya kila siku kilidondoka na kukabaki "wakimbizi" tu. Isitoshe, mkimbizi ni mtu aliyekimbia. Nomino hiyo inamfanya mtendaji wa tendo ambalo alitendwa. "Waliofurushwa makwao" lingesema ukweli zaidi.

6.0 "Mseto" na "Nusu Mkate"

Makubaliano ya Februari yalizaa serikali ya pande mbili, na Kiswahili kikaenda jikoni kuitafutia jina. Lugha rasmi ilisema "serikali ya mseto". Mseto ni mchanganyiko, kama wali uliopikwa pamoja na choroko hadi vikashikana. Lugha ya mtaani ilisema "serikali ya nusu mkate". Sitiari zote mbili ni za chakula, lakini zinapingana: mseto huchanganya, mkate hukatwa. Wananchi waliuona ukweli ambao jina rasmi halikuusema, kwamba pande mbili hazikuwa zimechanganyika bali zilikuwa zimegawana.

Hata kitenzi gawana kinahitaji kutazamwa. Kugawa humhitaji mpokeaji; kugawana huishia kwa wagawanaji wenyewe. Katika "kugawana mamlaka" mwananchi hana nafasi ya kisarufi. Hilo halimaanishi kwamba makubaliano hayakuwa na thamani. Yalikomesha umwagaji damu, na pande hizo mbili zilidumu serikalini hadi uchaguzi wa 2013, huku katiba mpya ikizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Lakini kejeli ya "nusu mkate" ilihifadhi malalamiko ya wale ambao hawakuonja hata makombo.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kiambishi kinaweza kugawa lawama, kauli inaweza kumficha mtendaji, na ngeli inaweza kumvua mtu utu. Haya si mambo ya darasani pekee. Mwishoni mwa 2008 Bunge lilipitisha sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa, iliyoyafanya matamshi ya chuki kuwa kosa. Hata hivyo, Januari 2022 neno "madoadoa" lilisikika tena jukwaani mjini Eldoret, na Aprili mwaka huo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikaliweka katika orodha yake ya maneno ya chuki. Orodha ni nzuri, ila chuki haikosi kisawe. Neno likipigwa marufuku, jingine lisilo na hatia litaazimwa kutoka shambani au jikoni.

Kinga ya kudumu ni msikilizaji anayejua sarufi ya lugha yake. Tangu 2010 Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na hadhi hiyo inatudai sisi tunaokisomea. Kila tusomapo habari ya vurugu, tuulize: kiima ni nani? Mtendaji yuko wapi? Binadamu yuko katika ngeli gani? Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Mwaka wa 2008 ulitufundisha kwamba huvunja mifupa ya wengine.

Maswali ya Kudurusu

1. Chagua habari moja ya gazeti kuhusu machafuko yoyote. Bainisha kauli za vitenzi na ueleze jinsi zinavyomwonyesha au kumficha mtendaji.
2. "Ngeli ni suala la umbo tu." Jadili kauli hii kwa kurejelea maneno ya matusi ya kisiasa.
3. Linganisha sitiari mbili za serikali zinazotumiwa katika eneo lako. Kila moja inampa mwananchi nafasi gani?