AFYA YA FAMILIA: Tuliyoanza Januari Tusiyaache Njiani

Kila tarehe 1 Januari Zanzibar huadhimisha Siku ya Mazoezi ya Viungo. Vikundi vya wake kwa waume hutoka alfajiri, hutembea na kukimbia pamoja, na mara nyingi huishia Uwanja wa Amaan. Wengi wetu siku hiyo huweka ahadi. Basi tuulizane kwa ukweli: mwezi huu wa Oktoba, viatu vile viko wapi?

Nasi tunaoandika ukurasa huu tunakiri kosa. Tulitembea vizuri hadi masika ya Machi na Aprili yalipoanza. Njia zikajaa maji, tukasema tutarudi mvua ikikatika. Mvua ilikatika, kipupwe kikaja na hewa yake nzuri, nacho kikapita tumekaa barazani.

Mwili unapoacha mazoezi

Pumzi ndiyo hupungua kwanza, ndani ya wiki chache tu. Nguvu za misuli hukaa muda mrefu zaidi, na aliyewahi kufanya mazoezi huzirudisha upesi kuliko anayeanza. Kwa hiyo kazi ya Januari haikupotea yote.

Lakini kuacha kuna gharama. Mazoezi ya mara kwa mara husaidia kushusha shinikizo la damu. Tena, misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na faida hiyo huendelea kwa siku moja au mbili, kisha huisha. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari hushauriwa asipitishe zaidi ya siku 2 mfululizo bila mazoezi. Katika nyumba zetu ni nani asiye na mama, baba au shangazi mwenye presha au sukari?

Kiasi gani kinatosha?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani nusu saa kwa siku 5, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu siku 2. Watoto wahitaji dakika 60 kila siku. Kipimo cha wastani ni rahisi: unapotembea uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba.

Namna ya kurudi

1. *Anza na nusu.* Kama ulikuwa ukitembea dakika 30, anza na 15. Ongeza dakika chache kila wiki. Anayetaka kulipa miezi sita kwa siku moja huamka na maumivu, akaacha tena.

2. *Funga zoezi kwenye jambo ulilozoea.* Aliye Mji Mkongwe anaweza kutoka Minara Miwili, akashuka Forodhani, akafuata ukuta wa bahari wa Mizingani hadi Malindi, akarudi kwa vichochoro. Aliye Michenzani ana ngazi mlangoni mwake. Wa Paje na Jambiani wana mchanga mgumu maji yakitoka.

3. *Tafuta mwenzako.* Ukijua jirani anakungoja mlangoni saa 12 asubuhi, ni vigumu kubaki kitandani. Jumuiya ndogo ndogo yaweza kupanga siku mbili kwa wiki.

4. *Jiandae kwa vuli.* Mvua ikinyesha, fanya ndani: kaa kitini na kusimama mara 10, pumzika, rudia.

5. *Ukikosa siku moja, usikate tamaa.* Utafiti wa Chuo Kikuu cha University College London, uliotolewa mwaka 2009, uliona kwamba jambo jipya huchukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea. Kwa wengine siku 18, kwa wengine hata 254. Kukosa mara moja hakukuharibu mazoea. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Anayeanza tarehe 20 Oktoba hutimiza siku 66 mkesha wa Noeli.

Tahadhari

Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuanza. Anayetumia insulini abebe kitu kitamu, na mgonjwa wa sukari asitembee pekupeku. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata, simama na uende hospitali. Epuka jua la mchana, na kunywa maji.

Ya kuzungumza nyumbani

– Ni jambo gani hasa lilitufanya tuache mwaka huu?
– Nani katika nyumba yetu anahitaji mwenzake wa kutembea naye?
– Tutaanza siku gani, na saa ngapi?

Tusingoje Januari nyingine. Jioni ya leo, tuzitafute ndara na viatu vyetu chini ya kitanda, tuvikung'ute vumbi, tuviweke karibu na mlango.