UMEKWISHA KUBARIKIWA NDANI YA KRISTO!

Somo kutoka Waefeso 1:3-14



Umepokea karatasi hii kwenye mkutano wa Injili, au pengine umeletewa na jirani. Usiitupe, wala usiifungie karanga kabla hujaisoma. Ina habari inayokuhusu wewe, uwe Mtwara mjini, Mikindani, Msimbati au kwenye vijiji vya karibu na mlango wa mto Ruvuma.

Watu wengi waliookoka wanaishi kama watu ambao hawajapewa kitu. Leo wako kwenye mkesha wakilia, "Bwana nibariki!" Kesho wamesikia kuna mtu mahali fulani anauza mafuta ya baraka, wanakwenda. Keshokutwa mtoto ameugua usiku, wanapitia mlango wa nyuma kwa mganga. Biblia kwapani, hirizi kiunoni! Hivi, ndugu yangu, tatizo ni nini? Siyo kwamba Mungu amewanyima. Tatizo ni kwamba hawajui walichokwisha kupewa.

Fungua Waefeso 1:3, usome polepole. Mtume Paulo hasemi kwamba Mungu atatubariki siku moja tukijitahidi sana. Anamshukuru Mungu kwa jambo ambalo limekwisha kutendeka. Tena siyo baraka moja au mbili, ni zote za rohoni. Na anataja mahali zilipo: zimo ndani ya Kristo. Haleluya!

UTAJIRI CHINI YA MIGUU

Mwaka 1982 gesi iligunduliwa Mnazi Bay, huko Msimbati. Lakini ilipita zaidi ya miaka 20 ndipo gesi hiyo ikaanza kuzalisha umeme wa Mtwara. Miaka yote hiyo watu wa pale waliwasha koroboi, na utajiri uko chini ya miguu yao. Bomba lilipowekwa, gesi haikuumbwa siku ile. Ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni kuunganishwa.

Ndivyo walivyo wapendwa wengi leo. Wanamwomba Mungu aumbe upya kitu ambacho amekwisha kukiweka ndani ya Mwanawe. Wanachohitaji ni kujua walivyounganishwa na Kristo, na kuishi hivyo.

"NDANI YA KRISTO" MAANA YAKE NINI?

Chukua kalamu. Katika Waefeso 1:3-14 pigia mstari kila mahali Paulo anaposema "katika Kristo" au "katika yeye". Utashangaa! Hakuna baraka hata moja inayotajwa peke yake, nje ya Yesu.

Mwangalie mtu anayevuka Ruvuma kwenda upande wa Msumbiji. Amekaa ndani ya mtumbwi. Mtumbwi ukivuka, naye amevuka. Havuki kwa sababu anajua kuogelea, au kwa sababu ametoka katika ukoo mkubwa. Anavuka kwa kuwa yumo. Mzee yumo, na mtoto mgongoni mwa mama yake yumo, wote wanafika ng'ambo ile ile. Lakini mtu anayesimama ukingoni akiusifu mtumbwi toka asubuhi hadi jioni, jioni itamkuta pale pale ukingoni.

Kristo alikufa. Ukiwa ndani yake, utu wako wa kale ulikufa pamoja naye (Rum. 6:6). Kristo alifufuka na kuketi mbinguni. Ukiwa ndani yake, nawe umefufuliwa na kuketishwa pamoja naye (Efe. 2:5-6). Kilichompata yeye kimehesabiwa kwako.

Sasa angalia: kuwa na jina la Kikristo siyo kuwamo. Kuimba kwaya siyo kuwamo. Mtu anaingia kwa kulisikia neno la kweli na kumwamini Yesu (Efe. 1:13). Basi!

HEBU TUZIHESABU BARAKA HIZI

1. Umechaguliwa (Efe. 1:4). Mungu alikuchagua kabla ya kuumbwa ulimwengu. Hapakuwa na mchawi wakati huo, wala mizimu, wala agano lolote la babu zako. Hakuna aliyewahi kumtangulia Mungu juu ya maisha yako.

2. Umekombolewa na kusamehewa (Efe. 1:7). Sisi wa pwani hii tunajua maana ya kukombolewa. Mikindani ilikuwa mojawapo ya bandari zilizofikiwa na misafara ya watumwa kutoka bara. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Zanzibar na kundi la watu waliokuwa watumwa, wakapitia Lindi, wakaanzisha makao huko Masasi. Watu wale hawakuwa tena mali ya mtu! Lakini dhambi ni bwana mkatili kuliko wafanyabiashara wale, na amri ya serikali haiwezi kumfungua mtumwa wake. Yesu hakutoa fedha. Alitoa damu yake. Ndiyo maana dhambi uliyotubu jana, usikubali Shetani akudai tena leo. Deni limelipwa!

3. Umefanywa mwana (Efe. 1:5). Kumwacha mtumwa huru ni jambo moja. Kumwingiza nyumbani, kumpa jina lako na kumwita mwanangu ni jambo lingine kabisa. Mungu amefanya yote mawili. Na hakuna Mmakonde, Mmakua wala Myao aliyenunua ukoo wake. Aliukuta kwa kuzaliwa. Vivyo hivyo wewe huwi mwana wa Mungu kwa kulipia. Umezaliwa mara ya pili.

4. Umepewa urithi (Efe. 1:11). Mwana ni mrithi. Hata kama baba yako hakukuachia mkorosho hata mmoja, ndani ya Kristo unao urithi ambao ndugu hawawezi kukudhulumu, wala moto hauwezi kuuteketeza.

5. Umetiwa muhuri, umepewa arabuni (Efe. 1:13-14). Hapa watu wa pwani hatuhitaji mwalimu! Ukimwagiza fundi akutengenezee mashua, unampa arabuni. Maana yake umekusudia kweli kweli, na fedha iliyobaki inakuja. Hata neno la Kiyunani alilotumia Paulo, arrabon, ni ndugu wa neno letu hili. Ni neno la wafanyabiashara. Na arabuni siyo karatasi ya ahadi tu, ni sehemu ya malipo yenyewe. Kwa hiyo Roho Mtakatifu aliye ndani yako siyo risiti ya mbinguni. Ni mbinguni kwenyewe kumeanza ndani yako. Ile furaha unayoipata katika maombi, ile amani katikati ya msiba, ni malipo ya kwanza. Yaliyobaki yanakuja!

"LAKINI MBONA MFUKO WANGU NI MTUPU?"

Swali hilo ni la haki, tusilikwepe. Tunajua shida za korosho. Katika msimu wa 2018/2019 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi walisubiri malipo yao kwa miezi. Mtu akiwa katika hali kama ile anauliza, "Nimebarikiwaje, na ada ya mtoto sina?"

Basi jua hili: Paulo aliandika maneno haya ya baraka akiwa mfungwa, mikono yake ina minyororo (Efe. 3:1, 6:20). Hakuwa na shamba wala mshahara. Lakini hakuandika, "Nitabarikiwa siku nitakapotoka." Aliandika kwamba tumebarikiwa! Baraka za rohoni hazipandi na kushuka kama bei ya mnadani. Mwombe Mungu kwa ajili ya shamba lako, maana Baba anajua unahitaji chakula na mavazi (Mat. 6:32). Fanya kazi kwa bidii. Ila usiupime upendo wa Mungu kwa mizani ya ghalani. Upendo huo ulikwisha kupimwa msalabani.

Na mtu akikuambia ulete fedha kwanza ndipo akufungulie baraka zako, mjibu kwa upole, "Baba yangu amekwisha kunipa bure." Sadaka tunatoa kwa shukrani. Hatununui.

HIRIZI INAFANYA NINI HAPO KIUNONI?

Efeso nao ulikuwa mji wa bandari, umejaa uganga. Injili ilipofika huko, watu waliokuwa wakifanya uganga walileta vitabu vyao, wakavichoma moto mbele ya wote. Thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha (Mdo 19:19). Hawakuviuza ili warudishe gharama. Walichoma! Kwa nini? Walikuwa wamempata aliye mkubwa zaidi.

Soma Efe. 1:20-22. Kristo ameketi juu sana kuliko kila mamlaka, kila nguvu na kila jina linalotajwa. Majini yako wapi? Chini ya miguu yake. Na wewe uko wapi? Ndani yake. Sasa hirizi ya nini? Mtoto akiugua, mpeleke hospitali na umwombee kwa jina la Yesu. Usimrudishe mtoto wa Mfalme kwa mganga.

UFANYE NINI SASA?

Kama umeokoka, acha kuishi kama ombaomba. Kila asubuhi kabla hujaenda shamba, baharini au sokoni, chukua baraka moja kati ya hizi tano, umshukuru Mungu kwa hiyo. Kama una kitu cha mganga nyumbani, kitoe leo, ukichome.

Kama bado uko ukingoni, ingia leo. Yesu hamkatai mtu, awe wa dini gani au wa dhambi gani. Sali sala hii kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe, unioshe kwa damu yako. Nakataa dhambi, uganga na kila kazi ya Shetani. Ingia moyoni mwangu, na mimi niwe ndani yako tangu leo. Nijaze Roho wako Mtakatifu. Asante kwa kuniokoa. Amina."

Kama umesali kwa imani, wewe sasa umo! Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, ubatizwe, usome Neno kila siku.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika baraka hizi tano, ni ipi ambayo umekuwa ukiiomba kana kwamba hujapewa?
2. Je, kuna kitu unachokitegemea kando ya Yesu? Utakitoa lini?
3. Nani nyumbani kwako bado yuko ukingoni? Mwombee kwa jina.

Ukimaliza kusoma, mpe na mwenzako. Mungu akubariki, tena amekwisha kukubariki!