Redio Nayo Hujibu Mashtaka

Wengi wetu tukisikia jambo redioni husema: "Redio imesema, basi ni kweli." Leo tujifunze habari za redio moja iliyosema, na watu wakafa.

Yaliyotokea Rwanda

Mwezi Julai 1993, redio iitwayo RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda. Watu waliipenda kwa muziki wake na mizaha ya watangazaji wake. Nchi ilikuwa katika vita. Mwezi Aprili 1994 yakaanza mauaji ya kimbari, yaani mauaji ya kuwamaliza watu kwa sababu ya kabila lao. Katika siku 100 hivi waliuawa watu zaidi ya 800,000, wengi wao Watutsi.

Redio hiyo ilifanya nini? Iliwaita Watutsi eti ni mende. Iliwataja watu kwa majina. Ilieleza mahali walipojificha. Wauaji walisikia, wakaenda.

Nani alijibu?

Mwaka huohuo wa 1994 Umoja wa Mataifa uliunda mahakama. Kesi zilisikilizwa Arusha, Tanzania.

Mtangazaji mmoja, Georges Ruggiu, raia wa Ubelgiji, alikiri makosa. Mwaka 2000 alihukumiwa kifungo cha miaka 12.

Ferdinand Nahimana alikuwa mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo. Mwaka 2003 alihukumiwa kifungo cha maisha. Akakata rufani. Mwaka 2007 makosa yake mengine yalifutwa, na kifungo kikapunguzwa kuwa miaka 30. Lakini jambo moja lilibaki. Mahakama ilisema alikuwa na uwezo juu ya watangazaji, na alikuwa na sababu ya kujua kwamba wanachochea mauaji, wala hakuwazuia.

Tunajifunza nini?

Kutangaza habari za vita si kosa. Kuikosoa serikali si kosa. Kuwachochea watu waue ndilo kosa. Na mkubwa wa redio hawezi kusema, "Mimi sikusema kitu." Kunyamaza kwake nako kunahukumiwa.

Lakini tukumbuke, hukumu ile ya 2003 ilikuja baada ya miaka 9. Waliokufa hawakufufuka. Kwa hiyo sisi wasikilizaji tusingoje mahakama. Tukisikia redio au gazeti linawaita watu wadudu, hebu tuulize papo hapo: Nani anasema? Ameona mwenyewe? Anataka tufanye nini kwa jirani zetu?

Kusoma na kuandika tumekwisha jua. Sasa tujue na kuuliza.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mkubwa wa redio alihukumiwa pamoja na watangazaji?
2. Wazee husema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Je, methali hii inafaa wakati wa vita?
3. Habari ya uchochezi ikifika kijijini kwetu, tutafanya nini?