Darsa la Siku ya 11: Saa Yako Umeipata kwa Nani?



Mliokuwa safu ya nyuma jana Magharibi mnajua nitakachosema. Tende zimeshagawiwa, uji umeshamiminwa, mara simu ya kijana mmoja ikaadhini. Watu watatu waliokaa karibu yake wakasema bismillahi wakatia tende mdomoni. Muadhini wetu bado amekaa. Mzee mmoja akairudisha tende yake kwenye sahani, akatazama dirishani upande wa minazi, akasema, "Jua hilo bado, wanangu." Zikapita kama dakika sita ndipo adhana ya msikiti ikatoka.

Kijana hakuwa na nia mbaya. Tulipoikagua simu baada ya swala akakumbuka mwenyewe: aliitanguliza dakika tano makusudi, asichelewe kazini. Wengi wetu tunafanya hivyo, si uongo. Lakini programu ya adhana haijui kwamba unajidanganya ili uwahi daladala. Inasoma saa uliyoiweka, inaadhini. Hiyo dakika ya sita nitaieleza mbele. Na wale watatu, habari ya swaumu yao wameipeleka kwa sheikh, mimi siiingilii.

Nataka leo tuulizane jambo dogo: hiyo saa iliyo mfukoni mwako imejuaje kuwa ni saa ngapi?

Wazee waliojenga msikiti wa Kaole, hapo kusini yetu, karne nyingi zilizopita, walikuwa na jua na kivuli. Na sisi watu wa Bagamoyo tumejaaliwa upande mmoja: bahari yetu iko mashariki. Alfajiri inatokea majini, kuelekea Unguja, hakuna mti wala kilima cha kuizuia. Ukisimama ufukweni pale wanaposhusha samaki utauona weupe ukijitandaza juu ya maji. Kisa cha Adi bin Hatim, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyeweka nyuzi mbili chini ya mto wake usiku akizitazama hadi akafahamishwa kuwa makusudio ni weusi wa usiku na weupe wa mchana, hapa kwetu hakihitaji hata ubao wa darasani. Magharibi ndiyo kazi. Jua letu linazama bara, nyuma ya minazi na nyumba, na mtu anaweza kudhani limeshazama kumbe limejificha tu.

Miji mikubwa ya Kiislamu iliajiri mtu wa kazi hii, akiitwa muwaqqit, mwenye kupiga hesabu za nyakati za swala. Ibn al-Shatir alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umawiyya, Damascus, na mwaka 1371 alitengeneza saa kubwa ya kivuli kwa ajili ya mnara wa msikiti ule. Hesabu zake zilikuwa za Damascus. Mji mwingine ulihitaji hesabu zake.

Sasa simu. Ndani yake, kama ndani ya saa ya ukutani ya betri, mna kijiwe kidogo cha fuwele. Kikipitishiwa umeme kinatetemeka, na katika saa nyingi hutetemeka mara 32,768 kila sekunde. Chombo kinahesabu mitetemo, kikifika idadi hiyo kinasema sekunde moja imepita. Ni hesabu nzuri, lakini fuwele ina kasoro kidogo, na joto linaiyumbisha. Saa ikikosea sekunde moja tu kwa siku, tangu Ramadhani iliyopita imeshapotea karibu dakika sita. Tazameni ile saa ya ukutani juu ya kabati la misahafu, halafu mniambie nani aliirekebisha mara ya mwisho.

Simu inapona kwa sababu inauliza. Inapata saa kutoka kwenye mtandao wa simu, au inauliza kompyuta nyingine kwa intaneti, na hiyo nayo imeuliza nyingine, mpaka mnafika kwenye saa za atomi. Hapo sekunde ni mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi ya sizi, kipimo kilichokubaliwa duniani mwaka 1967.

Ila kuuliza kwa mbali kuna tabu yake. Ukimtuma mtoto msikitini aulize saa, akirudi na jibu, jibu limeshachakaa kwa muda wa njiani. Kompyuta inafanya hivi: inaandika mtoto katoka saa ngapi na karudi saa ngapi, inatoa muda aliosimama kule kusubiri jibu, kilichobaki inagawa kwa mbili, inaongeza kwenye jibu. Utaratibu huo ulitolewa mwaka 1985, na mwenye kuulea alikuwa Mmarekani, David Mills, aliyefariki Januari 2024. Mtu huyu alizaliwa na maradhi ya macho na mwisho akapofuka kabisa.

Niliposoma hilo nikamkumbuka Abdullah bin Ummi Maktum. Madina walikuwa na adhana mbili: Bilal akiadhini usiku, watu wanaendelea kula daku, na Ibn Ummi Maktum akiadhini Alfajiri ikiingia. Alikuwa kipofu. Hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kumekucha. Mji mzima uliacha kula kwa sauti ya mtu ambaye naye ameuliza, na kwake kuuliza haikuwa aibu.

Turudi kwenye dakika ya sita. Simu ya yule kijana ilikuwa imewekewa Dar es Salaam. Sisi tuko magharibi kidogo ya Dar, kwa hiyo jua linatuchelewa dakika moja na kitu. Kidogo, lakini nendeni mbele: Chalinze ni karibu dakika nne baada ya Dar, Dodoma kama kumi na nne, Kigoma karibu arobaini, na wote saa zetu zinasoma sawasawa. Saa ya nchi imefungwa kwenye mstari ulio mashariki yetu, baharini. Ndiyo maana saa sita kamili jua la Bagamoyo halijafika utosini. Linafika kati ya saa 6:08 mwanzoni mwa Novemba na saa 6:38 katikati ya Februari. Kwa hiyo saa yako inaweza kuwa sahihi kwa sekunde, na adhana yake ikawa ya mji mwingine. Anayefuturu kwa adhana ya redio inayotoka Dar ajue hilo.

Wala msikimbilie upande wa pili mkaongeza dakika kumi za tahadhari. Jua likishazama, kuharakisha kufuturu ndiyo sunna.

Leo baada ya Alasiri njooni na simu zenu. Tutaweka tarehe na saa zijirekebishe zenyewe, na kwenye programu ya adhana tutaandika Bagamoyo. Anayetaka kuwahi kazini aweke kengele mapema, saa aiache. Na kijana wetu wa jana amejitolea kupanda ngazi kuishusha ile saa ya ukutani.

Wabillahi tawfiq.